"Usingizi ni wa Maskini"? Mwili Haudanganyi, Anayedanganya ni Staa

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, ambaye kila usiku wa manane lazima aposti picha akiwa studio, kopo la enaji mkononi, na maneno yaleyale: usingizi ni wa maskini. Mwenzake, mrembo wa mitandaoni mwenye wafuasi kibao, anauza mikanda ya kubana tumbo na kuwafundisha mabinti kwamba njaa ni uongo wa mwili, ukiipuuza inanyamaza yenyewe. Mashabiki wanamwaga makopakopa na kusema "madini hayo".

Madini gani? Huo ni uongo, na unaumiza watu.

Mwili hauna macho na masikio ya nje tu. Una mfumo mzima wa kujipima kwa ndani, na wala si stori ya jana: mwanasayansi wa Uingereza, Charles Sherrington, alishazitenga hisia za ndani ya mwili na zile za nje tangu mwaka 1906. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni na kushuka mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo. Karibu asilimia 80 ya nyuzi zake hazishushi amri yoyote. Kazi yake ni kupandisha taarifa juu.

Na taarifa zenyewe si za kubahatisha. Kwenye mishipa mikubwa ya damu shingoni kuna vipokezi vinavyopima presha kila moyo unapodunda. Ndani ya ubongo kuna seli zinazofuatilia ukali wa chumvi kwenye damu. Ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, mtu anasikia kiu. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso, na kimoja kati ya alivyogundua Patapoutian ndicho kinachosaidia pia ubongo kujua kibofu kimejaa. Mambo mazito hayo, halafu mtu anakuja na bando lake kusema mwili unadanganya!

Turudi kwenye kopo. Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini hailipi deni hilo hata senti. Inachofanya ni kukalia kiti cha adenosini ili ujumbe usifike. Ni sawa na dereva aliyeona taa ya mafuta inawaka, akaibandika plasta, kisha akakanyaga moto. Mafuta hayajaongezeka.

Duniani wapo watu wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kusikia maumivu. Kwa akili ya staa, hao wangekuwa mashujaa. Ukweli ni kwamba wanajing'ata ulimi, wanaungua na kuvunjika mifupa bila kujua. Anayeishi bila kengele hiyo yuko hatarini kila siku.

Timu staa watasema kila aliyetoboa alijitesa, hata wanariadha. Sawa, lakini mwanariadha wa kweli analala, anakula kwa ratiba, anahesabu mapigo ya moyo na anajua tofauti ya uchovu wa mazoezi na maumivu ya jeraha. Huyo anausikiliza mwili kuliko mtu yeyote mjini.

Na kodi ya nyumba haisubiri, hilo linaeleweka. Wapo wanaokesha kwa sababu hawana namna. Hao wanastahili pole, siyo kuambiwa kwamba uchovu wao ni uvivu.

Tatizo ni kwamba bili ya uongo huu haimfikii staa. Yeye akikesha, kesho yake analala mpaka saa nane mchana, na dereva anamsubiri nje. Dogo wa bodaboda aliyemwiga ana abiria mgongoni saa kumi alfajiri. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, akisinzia sekunde 3 pikipiki imeshakwenda mita 50 bila mtu anayeiendesha. Binti wa saluni aliyejifunga mkanda tangu asubuhi, tumbo tupu, akidondoka mchana hakuna atakayemposti. Mrembo atakuwa ameshaingiza mzigo mpya.

Mtu akitaka kuuza enaji, auze. Akitaka kuuza mikanda, auze. Ila asiwaambie watoto wa watu kwamba njaa, kiu, usingizi na maumivu ni adui wa mafanikio. Kiki ziko nyingi mjini, atafute nyingine.

Haya wadau, staa yuko sahihi au anapoteza watu? Uwanja ni wenu.