Mhadhiri Aliyeomba Kura Bahati

Uchaguzi ukikaribia, watu wa Eastlands jijini Nairobi huanza kupima wagombea kwa vyeti. Vijiweni Jericho, stegini Dandora, ndani ya matatu za Kayole, hoja ni ile ile: huyu amesoma, yule hana kitu. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliupa ubishi huo nguvu ilipodai digrii. Mahakama Kuu ililifuta sharti hilo kwa wawakilishi wa wadi Oktoba 2021, lakini gavana bado hukaguliwa cheti chake. Kinachosahaulika ni kwamba wasomi si wageni katika mitaa hii. Eastlands ilishawapa kura, na aliyevuma kuliko wote ni Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa rais.

Kijana huyo wa Othaya alimaliza Makerere mwaka 1955 na shahada ya daraja la kwanza, akaenda London kusomea fedha za umma, kisha akarudi Makerere kufundisha uchumi. Mwaka 1960 aliweka chaki chini akaja Nairobi kuwa afisa mtendaji wa chama cha KANU. Miaka mitatu baadaye wapiga kura wa Donholm, eneo lililoitwa Bahati baadaye na ambalo leo ni Makadara, wakampeleka bungeni. Wengi wao walikuwa makarani, watu wa reli na vibarua wa Industrial Area, waliopanga nyumba za baraza la jiji: familia nzima chumba kimoja, bomba na choo vya kugawana na majirani.

Bungeni mhadhiri aling'ara. Alikuwa miongoni mwa walioandaa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na mwaka uliofuata akawa waziri. Nyumbani Bahati mambo yalikuwa mengine. Katika uchaguzi wa 1969 mpinzani wake, Jael Mbogo, nusura amng'oe. Kibaki alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura chache, na Mbogo akashikilia kwamba ushindi ulikuwa wake. Ilipofika 1974, waziri hakungoja mechi ya marudiano. Alihamia Othaya, na huko akakaa hadi alipostaafu mwaka 2013.

Wapo waliouita uamuzi huo woga. Woga au la, watu wa Bahati walikuwa wamesema neno la maana: kuandika sera nzuri za nchi hakumpi mbunge ruhusa ya kupotea mtaani.

Hata hivyo hadithi haiishii hapo, na hapa ndipo wanaobeza wasomi wanapokosea. Kibaki alikuwa Hazina kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970, wakati sura ya Eastlands ilipobadilika. Buruburu na Umoja zilijengwa. Mwaka 1975 serikali na Benki ya Dunia zikaanzisha mradi wa Dandora: viwanja 6,000 vyenye maji, mfereji wa majitaka, choo na bafu, vyumba amalizie mwenyewe mwenye kiwanja. Baraza la jiji ndilo lililousimamia, kwa hiyo sifa zote si zake. Lakini ilikuwa fikra ya watu wa hesabu, na kwenye karatasi ilitimia. Ambacho karatasi haikukisema ni kwamba wengi waliopewa viwanja wangejenga vyumba vya kukodisha na wao waishi kwingine. Aliyelengwa na mradi akaishia kuwa mpangaji wa landilodi mpya.

Vivyo hivyo 2003. Akiwa rais, Kibaki alifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mtoto wa muuza sukumawiki wa Mathare aliingia darasani, akakuta madawati hayatoshi na mwalimu ni yule yule mmoja.

Josephat Karanja ni somo jingine, tena chungu zaidi. Alikuwa na udaktari wa Princeton, akaongoza Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1970 hadi 1979, akashinda kiti cha Mathare mwaka 1986 na kuwa makamu wa rais 1988. Mwaka mmoja baadaye hoja ya kutokuwa na imani naye ililetwa na David Mwenje, mbunge wa Embakasi, jirani yake kabisa hapo Eastlands. Wabunge walimrarua, naye akajiuzulu Mei 1989. Usomi wake haukumsaidia chochote, maana siasa za KANU za wakati ule hazikuuliza nani ana hoja.

Leo mbunge ana pesa mkononi, kupitia mfuko wa maeneo bunge ulioanzishwa 2003 wakati wa Kibaki mwenyewe. Mzazi wa Makadara hujaza fomu ya basari, hutafuta muhuri wa chifu na barua ya shule, kisha hungoja majina yabandikwe. Jirani mwenye kipato kizuri hupata, yatima wa ploti ya nyuma hukosa, na hakuna anayeeleza ni kwa nini. Hapo ndipo mtu aliyezoea takwimu angefaa kweli kweli: kuonyesha hadharani nani alipimwa vipi na shilingi ngapi zilikwenda wapi. Anayejinadi kwa shahada zake tatu aanze kwa kuulizwa kama amewahi kuisoma orodha ya mwaka jana.