Chemsha bongo isiyochemsha

Wadau, kabla sijaendelea nijibuni swali moja tu. Lugalo ni wapi? Msipekue mtandaoni, jibuni hivyo hivyo.

Kama umesema ni kambi ya jeshi ukishapita Mwenge, au hospitali, au kituo cha daladala, usione haya. Hayo ndiyo majibu niliyopata kijiweni kwetu Sinza wiki iliyopita. Tulikuwa watu sita, wote na shahada zao, na mmoja wetu anahangaikia ya pili. Wote walipata, na wote walikosa. Jina lile limetoka Iringa. Ni mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wakiwa safarini, wakawasambaratisha, na kamanda wao Emil von Zelewski akafia pale pale. Sisi tunaning'inia mlangoni mwa daladala, konda anapiga kelele "Lugalo wapo?", na hakuna anayejiuliza neno lile limefikaje Dar es Salaam.

Mimi ni mpenzi wa chemsha bongo tangu utotoni. Nikiwa darasa la tano nilijishindia peni na madaftari mawili kwa kujua TANU ilizaliwa lini (7 Julai 1954, bado ninayo kichwani). Kwa hiyo sisemi haya kwa kuudharau mchezo. Nasema kwa sababu mwaka jana nilikuwa mtungaji wa maswali yenyewe, na nikaona yanavyopikwa.

Ilikuwa hivi. Chumba cha habari kilitaka maswali 20 ya mashujaa wa taifa kwa ajili ya ukurasa wa Desemba 9, mshindi apewe fulana. Kazi za namna hiyo huwa anasukumiwa mdogo kuliko wote, ndiyo nikapewa mimi. (Gazeti silitaji, mkate ni mkate.) Nikaandika moja hivi: "Ni mwanamke gani aliyezunguka nchi nzima kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, na baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha katika nchi hiyo hiyo iliyokuwa huru?"

Mhariri akalisoma, akavua miwani. "Hili lina siasa. Wewe uliza barabara."

Basi likachapwa hivi: "Taja barabara ya Dar es Salaam iliyopewa jina la mwanamke aliyepigania uhuru." Karibu kila aliyeleta majibu alilipata. Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nani asiyeijua? Ndiyo inayokatiza Barabara ya Morogoro pale mjini, na Maktaba Kuu ya Taifa iko hapo hapo kandoni mwake.

Sasa nikiwauliza hao hao waliopata ilikuwaje mwaka 1969 mama huyu akakamatwa kwa tuhuma za uhaini? Kwamba miaka miwili kabla ya hapo, lilipotangazwa Azimio la Arusha, alikuwa amejitoa Kamati Kuu ya chama kwa sababu hakukubaliana na masharti ya kuwakataza viongozi kupangisha nyumba? Kwamba alihukumiwa maisha, akatoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais Nyerere, mtu aliyepanda naye majukwaani kudai uhuru? Unaweza kuwa upande wa Nyerere katika habari hii. Unaweza kuwa upande wa Bibi Titi. Ila huwezi kuwa upande wowote kama ulichoulizwa ni jina la barabara.

Hapo ndipo ninapogombana na chemsha bongo zetu. Swali linakatwa mpaka libaki na jibu moja, fupi, lisilomuudhi mtu. Kinachobaki mezani ni mfupa, nyama imekwenda na kisu.

Chukueni lile swali linalorudi kila mwaka: "Nani aliongoza Vita vya Maji Maji?" Jibu linalopewa maksi ni Kinjeketile Ngwale. Sawa, dawa ya maji ilitoka kwake Ngarambe. Lakini watu wa Matumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima mwezi Julai 1905, na Kinjeketile akanyongwa mapema Agosti. Vita vikaendelea mpaka 1907! Nani aliongoza miezi yote hiyo wakati "kiongozi" yuko kaburini? Hapo ndipo ungekutana na Abdallah Mapanda. Ungefika Ungoni kwa Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 pamoja na wenzake wengi katika mji ambao leo unaitwa kwa jina lake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba radhi mwaka 2023, tena mbele ya kizazi chake. Swali letu lingetuacha Ngarambe na maksi zetu mbili.

Zanzibar ndiyo usiseme. "Nani aliongoza Mapinduzi ya 1964?" Andika Abeid Amani Karume upate maksi yako. Lakini sauti iliyokuwa ikinguruma redioni Januari ile ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyejiita Field Marshal, na baada ya wiki chache tu akawa hatakiwi visiwani. Alikuwa na mchango gani hasa? Wazee wanabishana mpaka leo, wengine mpaka kahawa inapoa. Mtunga maswali akiona ubishi kama huo anakimbia, wakati mimi ningedhani ndiyo hapo pa kuweka kambi.

Kuna mshikaji wangu kaniambia, "Acha mambo yako bwana, ule ni mchezo, watu wanataka fulana." Ni kweli ni mchezo. Lakini tuulizane, mtu akishamaliza kidato cha nne na madesa yake akayagawa, anakutana wapi tena na Mkwawa? Ni hapo kwenye mchezo, redioni au gazetini, dakika moja kati ya wimbo na tangazo la sabuni. Dakika yenyewe ndiyo hiyo halafu tunamuuliza alikuwa chifu wa kabila gani.

Wala swali zuri si lazima liwe refu. Hili hapa ni la mstari mmoja: "Ni Mtanzania gani ambaye fuvu lake lilitajwa katika mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia?" Ni Mkwawa, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Alijiua kwa risasi Julai 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, wakamkata kichwa. Mkataba ukawapa miezi sita kulirudisha fuvu. Lilirudi Kalenga mwaka 1954, baada ya gavana Edward Twining kwenda mwenyewe Bremen na kulichagua miongoni mwa mafuvu mengine kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake. Na hapo tayari umezaa swali jingine: waliyapata wapi hayo mafuvu mengine, na ni ya kina nani?

Pale kijiweni Sinza baada ya Lugalo nililitoa lile swali langu la Bibi Titi, lile la kwanza, kabla halijakatwa. Dau lilikuwa soda moja. Aliyejibu alipatia jina, kisha akatulia kidogo akauliza, "Hivi kwani alifanya nini?" Mmoja akasema alionewa, mwingine akasema serikali haiwezi kukamata watu bure, wa tatu akampigia simu baba yake Ilala kumuuliza. Mzee akazungumza mpaka salio likakata. Muuza kahawa alipoanza kukusanya vikombe bado walikuwa wanabishana, na ile soda hakuna aliyeidai.