Bati la Upepo Juu ya Kabini: Pima Mafuta Kabla ya Kumlipa Fundi

Vikundi vingi vyenye Canter ya kubebea mazao havikosi mtu wa kusema: tufunge lile bati la kukinga upepo juu ya kabini, mafuta yatapungua. Sipingi bati. Ninachopinga ni kutoa pesa ya kikundi kwa kusikia tu.

Upepo unakula mafuta kweli. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: toka kilomita 40 kwa saa hadi 80, unakuwa mara nne. Kule California miaka ya 1970, wataalamu wa NASA walilivika gari la mizigo mabati likawa kama boksi, kisha wakaviringisha kona zake, na ukinzani ukapungua sana. Lakini faida hiyo ni ya mwendo wa barabara kuu. Gari linalotambaa na magunia kutoka shambani kwa kilomita 25 kwa saa linasumbuliwa na uzito, matope na mashimo.

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi si kipimo. Jaza tanki hadi alama moja, pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale. Nenda sokoni na urudi kwa njia ileile, maana ukipima kwenda tu, mteremko utakudanganya. Jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Mzigo usibadilike, upepo wa matairi usibadilike, na dereva awe yuleyule.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukikosea nusu lita kwenye safari ya lita 10, hilo ni kosa la asilimia 5, na huenda bati lenyewe halifikishi hapo. Kwa hiyo jumlisha safari hadi lita 100. Nusu lita ileile inakuwa asilimia 0.5 tu. Fanya hivyo bila bati, halafu na bati (omba la kuazima), kisha livue upime tena. Ulaji usipopanda baada ya kulivua, bati halikuwa na kazi. Pengine dereva aliendesha taratibu kwa sababu alijua anapimwa. Madereva wanajua ninachosema.

Wakati mnapima, shusheni keria tupu na kazeni turubai lisipigepige. Hayo hayahitaji fundi.