Upepo Unaozinyang'anya Galaksi Gesi Zake

Abiria asimamaye kituoni Nyabugogo siku isiyo na upepo huona majani ya miti yametulia tuli. Mara apandapo pikipiki na dereva akaongeza mwendo, upepo humpiga kifuani, na karatasi asiyoishika sawasawa hurukia nyuma. Hewa haikuanza kuvuma. Ni yeye aliyeiingia kwa kasi. Jambo hilo hilo huzipata galaksi huko mbali angani, na matokeo yake ni mazito, kwani galaksi nzima huweza kupoteza uwezo wa kuzaa nyota.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, vumbi na gesi, ulioshikwa pamoja na mvutano wake wenyewe. Jua letu limo katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe, ule utepe wa ukungu uonekanao usiku wa kiangazi mbali na taa za mji. Gesi, ambayo sehemu yake kubwa ni hidrojeni, ndiyo akiba ya ghala: nyota mpya hufinyangwa kutokana nayo. Ghala likiwa tupu, nyota zilizokwisha kuzaliwa huendelea kuwaka, lakini hazizaliwi nyingine.

Baadhi ya galaksi huishi peke yake au na jirani wachache. Nyingine hukusanyika kwa mamia na maelfu katika makundi makubwa. Kundi kubwa lililo karibu nasi zaidi limo katika buruji ya Sumbula, mwendo wa miaka ya nuru ipatayo milioni 54, na lina galaksi zaidi ya 1,000. Mkazi wa Kigali atazamaye juu saa mbili za usiku mwezi wa Juni hulielekezea uso karibu na utosi wa mbingu, ingawa macho matupu hayawezi kuliona, darubini yahitajika.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa nafasi iliyo baina ya galaksi za kundi ni utupu. Habari kwamba sivyo ilianzia pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Mahali hapo palipendelewa kwa kuwa pako jirani na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na kwa heshima ya wenyeji setilaiti ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, mionzi ya jamii ile ile itumikayo hospitalini Kanombe kutazama mfupa uliovunjika. Hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo isitufikie. Ndiyo sababu ilibidi chombo kipandishwe juu.

Uhuru ikagundua kwamba makundi ya galaksi hung'aa kwa eksirei, na kwamba mng'ao huo hautoki katika galaksi moja moja tu bali katika nafasi pana iliyo baina yake. Mwaka 1976 alama ya madini ya chuma ilitambulikana katika mionzi ya kundi la Perseus, na shaka ikapungua sana: nafasi ile imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ni nyepesi kupita kiasi. Katika mita moja ya ujazo hupatikana chembe zipatazo elfu moja hivi, na mara nyingi hata pungufu, kiasi ambacho mtu wa kawaida angekiita utupu, na asingelaumiwa.

Basi, kitu chepesi namna hiyo chawezaje kuipokonya galaksi mali yake? Jibu lilitolewa mwaka 1972 na wanaanga wa Marekani, James Gunn na Richard Gott, waliokuwa na habari za Uhuru mbele yao. Galaksi ivutwayo na kundi huingia kwa mwendo wa kilometa 1,000 kwa sekunde, au zaidi. Yaani katika sekunde moja hupita umbali unaozidi ule wa Kigali hadi Nairobi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, msukumo huwa mara nne. Mwendo ukiwa mara kumi, msukumo huwa mara mia. Kwa kasi ile, hata gesi nyepesi huwa mkono wenye nguvu.

Apepetaye maharage unguni huona makapi yakichukuliwa na upepo na punje zikirudi mahali pake. Nyota ni punje. Kila moja ni ndogo mno ikilinganishwa na nafasi iliyo baina yake na jirani, hata upepo hupita katikati bila kuisogeza. Gesi iliyotandazwa huku na huku ndiyo hupigwa. Ile ya pembeni, ambako mvutano wa galaksi ni hafifu, hung'olewa kwanza. Ya katikati hushikilia kwa muda mrefu zaidi. Galaksi kadhaa za Sumbula zimeonekana katika hali hiyo: nyota zimeenea mpaka pembeni kama kawaida, gesi imebaki katikati tu.

Mtoto akiuliza iwapo galaksi hiyo huzimika papo hapo, ajibiwe hapana. Nyota kubwa za rangi ya buluu humaliza maisha yake mapema, nazo hazina warithi. Nyota ndogo, za manjano na nyekundu, hudumu kwa mabilioni ya miaka, na polepole galaksi yote hugeuka rangi. Wala upepo si mwizi pekee, kwani majirani wapitao karibu nao huvutana na kuraruana.

Gesi iliyong'olewa hubaki nyuma kama mkia. Darubini ya redio ya MeerKAT huko Afrika Kusini, yenye masahani 64, ililichunguza kundi la Fornax, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba galaksi sita zilionekana zikiburuta mikia ya hidrojeni isiyo na nyota hata moja.

Njia Nyeupe haimo katika kundi kubwa la namna hiyo, lakini nayo ina gesi nyembamba yenye joto iliyoizunguka, na mdogo wake anaionja. Askari wa lindo, mwezi wa Januari, kiasi cha saa tatu na nusu za usiku, akiwa mahali penye giza na kuelekea kusini upande wa Bugesera, ataona juu kidogo ya vilima doa la ukungu lisilosogea kama mawingu mengine. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo mbali nasi miaka ya nuru ipatayo 160,000, ikienda zaidi ya kilometa 300 kwa sekunde. Upande wake wa mbele, unaokabili upepo, gesi hukoma kabla nyota hazijakoma.