Daftari la Amana Litakalosomeka Kesho



Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Basi kutunza hesabu ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la kompyuta.

Ndugu zetu wa Kakamega, mjini na kule Mumias ambako Uislamu ulifika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, wana michango ya mayatima na ya mazishi kama tulivyo nayo sisi. Pesa huja kwa M-Pesa, na hesabu hukaa katika kompyuta ya mweka hazina. Je, kompyuta hiyo ikiharibika, au programu yake ikidai malipo mapya, haki ya yatima itasomwa wapi?

Njia nyepesi ni maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, yanayosomeka katika kompyuta yoyote. Umbo lake maarufu huitwa CSV. Mstari wa kwanza hutaja vichwa, kila mstari unaofuata ni mchango mmoja, na alama ya mkato hutenganisha habari:

tarehe,jina,mtaa,kiasi
2025-03-07,Halima,Amalemba,500
2025-03-08,"Juma, fundi",Lurambi,1000

Yazingatieni mambo manne. Kwanza, mpangilio wa vichwa usibadilike. Asiyejulikana mtaa wake, nafasi iachwe tupu lakini mkato ubaki. Pili, habari yenye mkato ndani yake ifungwe kwa alama za kunukuu, kama ilivyo kwa Juma. Kiasi nacho kiandikwe 1000, si 1,000. La sivyo, shilingi elfu moja itasomwa kuwa shilingi moja. Tatu, tarehe ianze na mwaka, kwani 3/4 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Nne, mkiongeza nambari za simu, tahadharini: programu za majedwali huzidhania kuwa ni hesabu, zikaondoa sifuri ya mwanzo. Safu hiyo itajwe kuwa ni maandishi wakati wa kufungua faili.

Faili ya namna hii haina kufuli. Nakala mbili ziwekwe kwa waaminifu wawili, na majina ya wanaosaidiwa yasisambazwe. Sitara ya mhitaji nayo ni amana.

Allah atujaalie kuwa watunzaji wema wa haki za watu. Wabillahi tawfiq.