"Khafaqan" Haitoshi

Bibi zetu wa hapa Maskati wana maneno yao. Mmoja atasema moyo unamwenda mbio, mwingine unapapatika, mwingine unaruka pigo kisha unagonga kwa nguvu. Yuko atakayesema, "Niliona kiza, nikaanguka." Sisi wajukuu, tuliozoea kuwatafsiria hospitalini, yote hayo tunayageuza neno moja la Kiarabu, khafaqan, tukadhani kazi imekwisha.

Haijaisha, na wenzetu wanaosomea udaktari watatuunga mkono. Moyo kwenda mbio si ugonjwa mmoja. Mbio zikitokana na mzunguko wa umeme unaopitia vyumba vya juu, mara nyingi sindano ya adenosini huukata kwa sekunde chache, na verapamili nayo hufaa. Zikitoka vyumba vya chini, verapamili hiyohiyo yaweza kuporomosha presha na kumuua mgonjwa. Hapo madaktari hutazama amiodaroni, au mshtuko wa umeme hali ikiwa mbaya. Iko na aina ambayo mawimbi yake hujisokota kwenye karatasi ya kipimo. Hiyo hupewa magnesi, na amiodaroni yaweza kuizidisha. Hata wataalamu wameteleza: mwaka 1989 utafiti wa CAST ulionyesha kwamba flekainidi, iliyotuliza vizuri mapigo ya ziada ya watu waliowahi kupata shambulio la moyo, ilikuwa inaongeza vifo.

Tutaambiwa kinachoamua ni kipimo cha umeme wa moyo, si maneno ya bibi. Kweli. Ila pengine bibi akifika hospitali moyo umeshatulia, karatasi haina kitu. Tena kipimo hakisimulii kwamba kaka yake alianguka akafa angali kijana kule Unguja ("amri ya Mungu," bibi husema, nasi hatutafsiri), wala hakioni mfuko wa dawa uliobaki nyumbani chini ya mto. Na katika mfuko ule huenda zimo dawa zinazovuruga mapigo zenyewe, hata baadhi ya antibayotiki.

Klabu yetu hukesha ikibishana juu ya vina na mizani, na hatuombi iache. Tunaomba jioni moja tu ya muhula huu: bibi wawili watatu, walimu wetu wa lugha na wa udaktari, tuandike kila neno la moyo pamoja na Kiarabu chake. Kahawa na halua juu yetu.