MAONI: Kabla ya tingatinga kufika, tuokoe historia ya mtaa

Vijana wengi wa Nairobi wanajua Kariokor kwa nyama choma na viondo. Waulize jina lenyewe lilitoka wapi, watakuangalia tu. Lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebea jeshi la Uingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao kwa kulazimishwa. Maelfu hawakurudi. Waliuawa na maradhi zaidi ya risasi. Sanamu ya kuwakumbuka ipo Kenyatta Avenue, na kila siku tunaipita tukikimbilia matatu.

Shida si kwamba vijana hawapendi historia. Shida ni kwamba ile iliyohifadhiwa vizuri mara nyingi si ya kwetu. Nyumba ya Karen Blixen imekuwa makavazi tangu 1986. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya mzungu tajiri, ilijengwa wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo na kusoma. Sisemi zibomolewe, la hasha. Nauliza tu: na Eastlands je?

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, mateka wa vita kutoka Italia wakiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Ukumbi wake wa jamii ulikuwa pahali pa siasa kali kabla ya Uhuru. Pangani ya zamani nayo ilishabomolewa, ghorofa zikapanda. Mitaa mingine mikongwe ya kaunti iko kwenye foleni hiyo hiyo.

Tusidanganyane: watu wanahitaji nyumba nzuri. Choo cha kushirikiana si turathi, na hakuna anayetaka mamake aendelee kupanga foleni ya maji ndio watalii wapige picha. Lakini kujenga upya na kufuta kumbukumbu ni mambo mawili tofauti. La kwanza halilazimishi la pili.

Tayari kuna mfano hapa hapa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilijitolea kukarabati McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi ya mtaani ndiyo yaliyotangulia kukamilika, si jumba kubwa la mjini. Mpangilio huo ndio ninaoutaka.

Kule Cape Town, zaidi ya watu 60,000 walifurushwa kutoka District Six baada ya serikali ya ubaguzi kuitangaza eneo la wazungu mwaka wa 1966. Makavazi yaliyofunguliwa 1994 yana ramani kubwa sakafuni, ambapo waliofukuzwa waliandika majina yao mahali walipoishi. Vibao vya majina ya barabara vilivyookolewa vimetundikwa humo. Wao walikusanya vipande baada ya kubomolewa. Sisi bado tuna nafasi ya kuanza mapema.

Kwa hivyo naomba kaunti mambo matatu. Kabla ya mtaa wowote kubomolewa, upigwe picha na wakazi warekodiwe. Nyumba moja na ukumbi viachwe visimame. Na majina ya zamani yabaki kwenye majengo mapya, si kuita kila kitu Bloku A, Bloku B. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la kihistoria kuwa chini ya ulinzi. Itumike Eastlands pia.

Lakini tusikae tukingoja serikali. Simu unayorekodia video za TikTok inatosha kurekodi shosho akieleza aliyeishi nyumba namba fulani, timu ya mtaa ilivyocheza, na polisi walivyovamia. Omba ruhusa kwanza. Piga picha za zile albamu za zamani na uandike majina ya waliomo, manake picha bila majina ni karatasi tu. Weka nakala pahali pawili. Mkishakusanya, ombeni ukumbi Jumamosi moja, tundikeni picha kwenye kamba za nguo, na waiteni wazee waje wabishane kuhusu nani ni nani. Hayo tayari ni maonyesho.

Nyumba ikivunjwa, ramani yake inaweza kupatikana kwenye ofisi fulani. Waliokuwa vijana Kaloleni miaka ya 1950 sasa wamepita miaka themanini, na yale wanayoyajua hayako kwenye faili yoyote. Anza na mmoja wikendi hii.